Pima tairi kwa mchanga, si kwa watu

Ndugu zetu wa mashamba ya chai ya Kericho, Fort Portal, Gisovu na Teza, gari ninalotaka kuwaelezeni mnalijua hata kabla sijalitaja. Asubuhi linabeba majani ya chai kwenda kiwandani, mchana linabeba mbolea, na jioni linarudisha wachumaji kambini. Letu ni Toyota Land Cruiser pikapu la mfululizo wa 75, lenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Rangi imebabuka na milango inafungwa kwa kamba, lakini injini ni nzima na fowili inaingia bila ubishi. Shamba letu liko katika milima ya Usambara, Tanzania. Mimi ni fundi wa karakana hapa na ni katibu wa tawi la chama, na habari hii inahusu kazi zangu zote mbili.

Katika masika ya mwaka juzi gari hili lilikuwa linateremka kutoka kitalu cha juu, na wachumaji kumi na mmoja wamekaa juu ya magunia ya majani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kwenye kona ya tatu sehemu ya nyuma ilianza kwenda upande, gari likakaa mkingamo wa barabara, likateleza hivyo hivyo mpaka lilipozuiwa na ukingo wa mitaro ya chai. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine walitoka na michubuko. Chini ya ukingo ule kuna korongo, na kila aliyekuwa juu ya gari analijua lilivyo.

Siku ya pili dereva alipewa barua ya onyo kali. Iliandikwa kwamba aliendesha kwa uzembe. Dereva huyo ni mtu mzima aliyeanza kuendesha katika milima hii kabla meneja wetu hajazaliwa. Alikuja karakana na barua mkononi, akaniambia, "Katibu, mimi sikatai kuulizwa. Lakini kabla hawajaniuliza mimi, waliulize gari." Nikachukua kiberiti na rula ya mtoto wangu wa shule, tukaenda kulitazama.

Matairi ya mbele yalikuwa na kashata nzuri, kina cha milimita tisa. Ya nyuma yalikuwa vipara vilivyochongwa. Wasomaji wa mijini huenda hawaijui kazi hii, kwa hiyo nieleze. Tairi likiisha kashata, kuna watu wenye kisu cha moto wanaochora mifereji mipya juu ya mpira uliobaki. Tairi linapata sura ya upya kwa bei ndogo. Lakini mpira ule uliobaki ndio uliokuwa ukizilinda nyuzi za ndani, na kisu kinazifikia au kinazikaribia. Yapo matairi makubwa ya malori yaliyotengenezwa kiwandani yakiwa na mpira wa ziada kwa ajili ya kuchongwa, nayo huandikwa hivyo ubavuni. Haya yetu hayakuwa hayo. Isitoshe, mifereji iliyochongwa ilikuwa na kina cha milimita tatu tu, na udongo wetu mwekundu uliijaza kabla gari halijatoka uwanjani.

Lilikuwapo kosa jingine, ambalo hata baadhi ya mafundi hulipuuza. Tulifunga kamba kuzunguka tairi la mbele, tukaifunga tena kuzunguka la nyuma, tukalinganisha urefu. Kipenyo cha tairi jipya kilizidi cha kipara kwa sentimita mbili. Msomaji ataona ni kidogo. Basi apige hesabu pamoja nami. Sentimita mbili za kipenyo ni zaidi ya sentimita sita katika kila mzunguko. Tairi la saizi 7.50R16 huzunguka karibu mara 400 katika kilomita moja. Kwa hiyo katika kila kilomita magurudumu ya mbele yanataka kwenda kama mita 25 zaidi ya yale ya nyuma. Gari la namna hii, ukiisha kuingiza fowili, hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, na hakuna difu ya katikati ya kusuluhisha ugomvi huo. Penye tope tairi litateleza ili kulipa deni, na kuteleza huko ndiko dereva asikokutaka akiwa kwenye kona. Penye ardhi ngumu halitelezi, bali linazikunja shafti na kula meno ya gia. Ndiyo maana tunasema matairi yote manne, pamoja na spea, yawe ya saizi moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana.

Tuliyaandika haya yote tukampelekea meneja. Hakubisha kuhusu vipara, maana aliviona kwa macho yake. Akasema, "Sawa, bwana fundi, tununue matairi. Nakusudia yale ya mtumba yaliyopo Tanga, bei yake ni nusu." Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Madereva vijana walitaka matairi ya matope yenye kashata kama ngumi. Mimi nilitaka ya njia zote. Meneja alitaka yake ya mtumba. Halmashauri ya tawi ikaamua tusishindane kwa maneno. Matairi yajaribiwe.

Kabla ya kueleza majaribio, niseme jinsi tairi linavyosomwa, kwa kuwa siku hizi ni lazima kila dereva ajue kusoma ubavu wake. Zamani Arusha palikuwa na kiwanda cha General Tyre, na Nairobi palikuwa na kiwanda kilichotoa Firestone na baadaye Yana. Wafanyakazi wenzetu ndio walioyapika matairi yale, na ukiwa na tatizo ulijua mlango wa kubisha. Kile cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016, na cha Arusha kilikuwa kimesimama kabla yake. Sasa matairi yanatoka pande zote za dunia, na wa kwanza kukueleza habari zake ni maandishi ya ubavuni.

Namba 7.50 ni upana wa tairi kwa inchi, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi R katikati maana yake ni radiali, yaani nyuzi zake zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Pakiwa na kistari mahali pa R, ni tairi la nyuzi za kupishana, la mtindo wa zamani. Ubavu wa hilo ni mgumu zaidi, lakini hupata joto upesi katika safari ndefu. Usichanganye aina hizi mbili katika gari moja. Baada ya hapo zinafuata namba za uzito: 112 maana yake tairi moja lichukue kilo 1,120, namba 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Herufi inayofuata ni ya mwendo, L ni kilomita 120 kwa saa na N ni 140. Maandishi 8PR au 10PR yanaonyesha nguvu ya tairi, na wala si hesabu ya matabaka yaliyomo. Herufi M+S zisikupumbaze. Mwenye kiwanda anasema tu kwamba mifereji ya tairi lake inafaa tope na theluji, na hajathibitisha lolote kwa kipimo.

Jambo la mwisho ni umri. Baada ya herufi DOT tafuta tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, ondoka dukani, kwa sababu tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Mpira hukauka hata ukiwa umetundikwa ghalani. Tairi lenye zaidi ya miaka kumi lisichukue watu, hata kama kashata zake zinang'aa. Matairi ya mtumba aliyoyapenda meneja yalikuwa na kashata nzuri kabisa, lakini mawili kati yake yalikuwa na miaka kumi na miwili, na ukiukunja mpira pembeni ulionyesha nyufa nyembamba kama nywele.

Sasa majaribio. Hatukuwa na fedha za kununua aina tatu kwa kujaribu, hivyo tuliazima. Gari la misheni ya jirani lilikuwa na matairi ya njia zote ya saizi yetu, kashata za kadiri zilizokaribiana. Gari la pili la shamba lilikuwa na yale ya matope, kashata kubwa na mifereji mipana. Matairi ya mtumba yaliletwa na mwenye duka mwenyewe, akatuchagulia manne yasiyo na nyufa. Hayo yalikuwa ya lami, yenye mistari mirefu inayozunguka tairi.

Tulikubaliana masharti. Gari liwe moja, dereva awe mmoja, mteremko uwe mmoja na siku iwe moja. Mzigo ulikuwa magunia 16 ya mchanga, kila moja kilo 50, yamefungwa kamba. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kupanda nyuma. Kijana mmoja alitaka kusimama juu ya magunia ili aone vizuri. Tulimteremsha, na hilo ndilo lililokuwa kosa pekee la nidhamu siku ile.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote ilikuwa kubadili magurudumu, na hapa naomba vijana wa karakana wasome polepole. Rimu za magari haya mengi ni zile zenye pete ya kufungia. Pete hiyo inashikwa mahali pake na upepo wenyewe, na upepo ukiwa umejaa, nguvu inayosukuma ubavu wa tairi ni ya tani kadhaa. Ikichomoka inaua. Kabla hujagusa pete, toa sindano ya vali upepo wote uishe. Usipige pete kwa nyundo wakati tairi lina upepo, hata kidogo. Pete iliyopinda au iliyoliwa na kutu itupwe, isinyooshwe. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma au lizungushiwe mnyororo, pampu iwe na mpira mrefu, nawe usimame kando, uso usielekee pete. Karakana yetu haikuwa na kizimba. Tulikitengeneza kwa mabomba ya zamani ya kiwanda kabla ya kuanza majaribio, na mimi nilikataa kuendelea mpaka kilipokwisha.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupanda kilima cha kitalu cha juu, udongo ukiwa umelowa, gia ndogo, fowili imeingia na habu za mbele zimefungwa. Matairi ya lami yalifika nusu ya kilima yakaanza kusaga. Mistari yake ilijaa udongo ikawa kama kipara. Ya njia zote yalifika robo tatu. Ya matope yalipanda hadi juu, yakirusha tope nyuma kwa kila mzunguko, na vijana wakapiga makofi.

Jaribio la pili lilipunguza makofi hayo. Kiwanda kina uwanja wa saruji, tukaumwagia maji. Dereva alikuja kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, akifika kwenye kigingi anakanyaga breki. Kila aina ilijaribiwa mara tatu, tukapima kwa hatua mahali gari liliposimama. Matairi ya lami yalisimama mapema kuliko yote. Ya njia zote yaliyazidi kwa hatua mbili. Ya matope yaliyazidi kwa hatua saba, na mara moja gari liligeuka upande. Sababu yake si ya kushangaza. Tairi lenye mifereji mipana linaacha mpira mchache ugusane na saruji, na kashata ndefu hupinda chini ya uzito. Gari letu linapita lami kila wiki kwenda mjini, na mvua haichagui barabara.

Jaribio la tatu halikuwamo katika mpango. Mzee dereva alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, akifanya aliloambiwa. Akasema, "Sasa nipeni yale ya njia zote mara ya pili, lakini mniachie upepo niupange mwenyewe." Tulikuwa tumejaza pauni 45 kwa inchi ya mraba nyuma na 35 mbele. Yeye akateremsha mpaka 28 nyuma na 25 mbele. Tulitandika unga wa mkaa chini, tukalisogeza gari juu yake, tukaona wenyewe kwamba alama ya tairi imekuwa ndefu zaidi. Upana wake haukubadilika sana. Tairi lililopunguzwa upepo hurefusha unyayo wake, kashata nyingi zaidi zikashika ardhi kwa wakati mmoja. Gari likapanda kilima kile kile, siku ile ile, mpaka juu. Hakuna aliyepiga makofi safari hii, kwa kuwa kila mtu alikuwa anafikiri. Tulikuwa tumebishana wiki nzima juu ya kashata, na upepo haukutajwa na mtu yeyote.

Lakini upepo una masharti yake. Ukiupunguza, usizidi kilomita 30 kwa saa, maana ubavu unakunjwa sana na kupata joto. Ukiteremsha mno, tairi lenye mpira wa ndani huteleza juu ya rimu na kung'oa vali, nasi kwa sababu hiyo hatukushuka chini ya 25. Na kabla ya kuingia lami lazima upepo urudishwe, la sivyo tairi litapasuka njiani, na kupasuka kwake hakutoi hodi. Kwa hiyo dereva anayetakiwa kupunguza upepo bila kupewa pampu na kipimo amepewa nusu ya kazi. Geji moja na pampu inayoendeshwa na betri ya gari bei yake haifikii bei ya tairi moja. Hoja hiyo ndiyo tuliyoipeleka mezani.

Katika kikao tulidai matairi matano mapya ya njia zote ya aina moja, pampu, geji, na kizimba kitambuliwe kuwa chombo rasmi cha karakana. Tulidai pia barabara ya kitalu cha juu isipitishe gari lenye watu wakati wa mvua, na kwamba dereva akisema barabara haipitiki, neno lake lisihesabiwe kuwa utovu wa nidhamu. Haya ya mwisho hatukuyatunga. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipatwe na madhara kwa kufanya hivyo. Na Mkataba namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama katika kilimo, unasema mitambo ya kilimo isichukue watu isipokuwa kama imetengenezwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo. Wachumaji juu ya magunia ya majani, bila kiti wala pa kujishikia, wanasafiri kama mzigo.

Meneja alisoma daftari la majaribio ukurasa kwa ukurasa. Alituuliza kwa nini tulitumia mchanga na si mzigo wa kawaida, nasi tukamjibu kwamba kwenye kilima kile mzigo wa kawaida ni watu. Akakubali matairi, pampu, geji na kizimba. Akakubali kufunga kitalu cha juu wakati wa mvua, ingawa ilimchukua kikao cha pili, kwa sababu majani ya huko huzidi kukomaa yakingoja. Kwa sasa wachumaji wa kitalu hicho hushuka kwa miguu siku za mvua na gari huwangoja chini. Hawaupendi mwendo huo wa nusu saa, na wametuambia hivyo waziwazi. Hatuwalaumu.

Madai ya viti na vyuma vya kujishikia hayajakubaliwa. Tumeambiwa yatatazamwa katika bajeti ijayo, na tawi limeyaweka kuwa ajenda ya kwanza ya kila kikao mpaka hapo. Matairi yamekwisha tembea misimu miwili. Kila Jumatatu dereva anapima upepo asubuhi yangali baridi, anaandika katika daftari, na kila mwezi matairi yanabadilishana nafasi, spea ikiwamo, ili yaliwe sawa.

Barua ya onyo imetolewa katika faili la dereva. Mama aliyevunjika mkono amerudi kazini, lakini kikapu anakivaa bega la kushoto tu, na shauri la fidia yake bado tunalifuatilia.